Kombe la Davis: Nyumbani, Ugenini au Kituo Kimoja?

Mashabiki wa Simba wana msemo kuhusu Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, ambao hata sisi wa Jangwani, watu wa Yanga, tunaukubali kwa shingo upande: kwa Mkapa hatoki mtu. Mei 2025 msemo huo haukupata nafasi ya kujaribiwa. Simba walirudi kutoka Berkane wakiwa nyuma kwa mabao 2-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mchezo wa marudiano ukahamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Amaan, Zanzibar. Ikawa sare ya 1-1, kombe likaenda Morocco. Vijiweni hapa Dodoma bado wapo wanaoapa kwamba kwa Mkapa yangekuwa mengine. Mimi huwa nawakumbusha ya kwetu: mwaka 2023 Yanga tulifungwa 2-1 na USM Alger pale pale kwa Mkapa, tukaenda kuwafunga 1-0 kwao Algiers, na kombe likatuponyoka kwa sheria ya bao la ugenini. Nyumbani si hirizi.

Nimeanzia kwenye soka makusudi, kwa sababu ubishi huo huo ndio ulioipasua tenisi ya dunia vipande viwili, na bado haujaisha. Ubishi wenyewe ni juu ya Kombe la Davis, mashindano ya timu za taifa za wanaume. Yalianza mwaka 1900, pale kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, Dwight Davis, alipotoa bakuli la fedha lishindaniwe kati ya Marekani na Waingereza. Walikutana Boston, Marekani wakashinda 3-0, na Davis mwenyewe alikuwa mmoja wa wachezaji. Leo zaidi ya mataifa 100 yanaligombania bakuli hilo, Tanzania ikiwemo.

Kwa miaka mingi sana utaratibu ulikuwa huu: nchi mbili zinakutana kwao mmojawapo, Ijumaa hadi Jumapili. Mechi mbili za mmoja mmoja siku ya kwanza, ya wawili wawili siku ya pili, mbili za mwisho siku ya tatu. Kila mechi hadi seti tano. Mwenyeji ndiye anayechagua uwanja uwe wa udongo, wa nyasi au wa sakafu ngumu, na nchi hizo zikikutana tena, zamu ya kupokea wageni inageuka. Agosti 2018, huko Orlando, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, liliupigia kura utaratibu huo na kuufuta kwa ngazi ya juu. Theluthi mbili zilihitajika, zikapatikana asilimia 71.43. Kuanzia 2019 mataifa 18 yakakusanywa mji mmoja, Madrid, kwa juma moja, seti tatu tu, mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Kituo kimoja, kama tunavyosema kwenye ligi za mikoa.

Waliopinga hawakuwa wachache wala wadogo. Australia na Uingereza, ambazo majina yao yamejaa kwenye kombe hilo, zilikataa. Hoja yao ni rahisi kuielewa ukiwa umewahi kukaa jukwaani: Kombe la Davis bila wenyeji ni mashindano mengine tu ya tenisi, na hayo yapo kila juma. Mwaka 2014, Ufaransa walipoikaribisha Uswisi mjini Lille kwenye fainali, siku moja waliingia watu 27,448. Hao hawakuja kutazama tenisi peke yake. Walikuja kuisukuma nchi yao. (Haikusaidia; Federer na wenzake wakaondoka na kombe.)

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa karibu na kwetu. Mwaka 1998 Zimbabwe, nchi iliyotegemea zaidi ndugu wawili, Byron na Wayne Black, ilikwenda Australia, mji wa Mildura, ikawafunga Waaustralia 3-2 kwenye nyasi zao wenyewe. Februari 2000 Marekani ikalazimika kufunga safari hadi Harare. Andre Agassi, aliyetoka kutwaa ubingwa wa Australia siku chache kabla, alicheza Harare. John McEnroe aliongoza timu kama nahodha kwa mara ya kwanza, Harare. Pambano likafika mechi ya tano, 2-2, ndipo Chris Woodruff akamfunga Wayne Black na Wamarekani wakapumua. Niambie ni mashindano gani mengine ya tenisi yangemlazimisha bingwa wa aina hiyo ashuke uwanja wa ndege wa Harare na kupigiwa kelele na watu ambao kesho yake wanakwenda kazini Mbare. Hakuna. Hiyo ndiyo nguvu ya nyumbani na ugenini: inamfikisha mkubwa mlangoni kwa mdogo, kwa kanuni, si kwa hisani.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Mchezaji bora wa dunia anacheza karibu mwaka mzima. Kumwongezea wikiendi nne za seti tano tano, leo kwenye udongo huku, kesho kwenye sakafu ngumu bara jingine, ni kumwomba achague kati ya bendera na magoti yake. Wengi walichagua magoti, na mashindano yakaanza kudharaulika kwa kuwa majina hayapo. Kisha kuna fedha. Kampuni ya Kosmos, ya mwanasoka Gerard Piqué, iliahidi dola bilioni 3 kwa miaka 25, na vyama vidogo viliambiwa sehemu yake itawafikia kuendeleza mchezo. Ukiwa kiongozi wa chama kisicho na hata mipira ya mazoezi, utaikataa kura hiyo kwa ajili ya kelele za mashabiki wa Lille? Mimi ningeona aibu kumlaumu aliyeinua mkono.

Bahati mbaya ahadi iliota mbawa. Januari 2023 ITF na Kosmos waliachana, hata miaka mitano haijatimia. Mashindano ya kwanza ya Madrid nayo yalikuwa na vituko vyake: mechi ya wawili wawili kati ya Marekani na Italia iliisha saa 10 na dakika 4 alfajiri. Na lile neno walilolipenda watetezi, kwamba kituo kimoja ni uwanja huru, halikuwa kweli hata siku moja. Mji lazima uwe wa mtu. 2019 kituo kilikuwa Madrid, Hispania wakatwaa. 2025 kituo kilikuwa Bologna, Italia wakatwaa kwa mwaka wa tatu mfululizo, tena bila nyota wao Jannik Sinner aliyeamua kupumzika. Kwa haki niseme pia kwamba Hispania hao hao walitolewa na Uholanzi kwao Málaga mwaka 2024, siku ambayo Rafael Nadal aliagana na tenisi. Narudia, si hirizi. Ila kama kuna faida ya nyumbani, utaratibu mpya haukuifuta. Ulimkabidhi mmoja, wengine wote wakawa wageni.

Ndiyo maana wamerudi nusu ya njia. Sasa hatua za kufuzu zinachezwa nyumbani na ugenini, na timu nane za mwisho ndizo zinazokutana mji mmoja mwezi Novemba. Muafaka wa kiutu uzima, ingawa seti tano zimekwenda na sidhani kama zitarudi.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo magazeti ya nje hayafiki. Ule utaratibu ambao Waaustralia waliupinga mwaka 2018, mji mmoja, juma moja, seti tatu, mechi tatu kwa pambano, ndio ambao nchi za madaraja ya chini Afrika zilikuwa zikiucheza miaka mingi kabla. Hakuna aliyeuita kifo cha mila. Uliitwa kubana matumizi. Timu zinakusanyika nchi moja, zinapangwa makundi, zinacheza karibu kila siku, na mwisho wa juma baadhi wanapanda, baadhi wanashuka. Mapambano ya nyumbani na ugenini yanaanza ukipanda juu zaidi, kwenye Kundi la Dunia la Pili na la Kwanza. Kwa maneno mengine, nyumbani kwako ni zawadi unayoifanyia kazi. Ugomvi wa Orlando ulikuwa ugomvi wa wenye nyumba. Wapangaji hatukuulizwa rangi ya ukuta.

Kwa hiyo swali la Mtanzania si kama mfumo wa zamani ulikuwa mtamu. Swali ni je, katika huu huu wa kituo kimoja, tupiganie kuwa wenyeji? Na kama ndiyo, kwa nini isiwe Dodoma?

Nililitupia swali hili mwalimu mmoja wa tenisi ninayefahamiana naye, mtu aliyeanza kwa kuokota mipira klabuni kabla hajaruhusiwa kushika raketi. Alicheka. "Kaka, wewe unataka sherehe. Mimi nataka mipira." Hoja yake ina uzito na sitaipunguza. Mpira wa tenisi ukishafunguliwa kopo unaanza kufa. Baada ya majuma machache ya mazoezi haudundi tena vile mechi inavyotaka. Mtoto anayejifunza kwa mipira iliyokufa anajifunza mchezo mwingine. Fedha ya kupokea mataifa juma zima, anasema, ingewasafirisha vijana watano kwenye mashindano ya vijana ya kanda mwaka mzima, na huko ndiko wachezaji wanakotengenezwa. Zaidi ya hapo, viwanja. Juma la namna hiyo halichezwi kwenye uwanja mmoja. Mechi zinakwenda sambamba, na bado timu zinahitaji pa kufanyia mazoezi, vyote vya sakafu ya aina moja. Viwanja vya tenisi vya Dodoma ninavyovifahamu mimi nikivihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kidole kinabaki. Dar es Salaam wana Gymkhana, Arusha nako wana Gymkhana yao. Sisi tuna Jamhuri, ambayo ni ya soka.

Hayo yote nayakubali, na bado nadhani amekosea kuyaweka kama mambo mawili yanayogombea sahani moja. Angalia tenisi ilivyokaa katika akili za watu hapa. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zikifika, mtoto wa Nkuhungu au Chang'ombe anajua kuna soka, netiboli, riadha, wavu na mpira wa mikono. Tenisi kwake ni kitu cha kwenye televisheni, au cha wakubwa nyuma ya uzio. Huwezi kuwaomba madiwani waweke uwanja wa tenisi kwenye kata ambayo hakuna aliyewahi kuuona ukitumika. Lakini Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, mji ambao watu walidhani ni wa wageni wa serikali tu, kila mtu na Simba yake au Yanga yake, ulianza kuwa na watu wanaokwenda Jamhuri kwa ajili ya timu ya hapa. Timu ilikuja kwanza, mapenzi yakafuata.

Na mji una vitu ambavyo miaka kumi iliyopita haukuwa navyo. Treni ya SGR imeifanya Dar es Salaam kuwa safari ya saa tatu na ushei. Vyumba vya wageni vipo, vingi vimejengwa kwa kutegemea Bunge, na hapo ndipo kalenda inapotupendelea: Bunge la bajeti likifungwa mwisho wa Juni na kabla maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hayajajaza Nzuguni, Julai hoteli zinabaki zikipiga miayo. Mvua hakuna. Upepo upo, na Julai upepo wa Dodoma hauna adabu, utamgeuzia mtu mpira aliourusha juu kwa ajili ya kuanzisha. Mimi nauhesabu kama mchezaji wetu wa akiba. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi kidogo, mpira unakwenda kasi kuliko Dar. ITF wana mpira maalumu wa miinuko kuanzia mita 1,219, kwa hiyo sisi tungecheza na ule wa kawaida, ukiruka kuliko mgeni wa pwani alivyozoea. Kijana wetu akipewa miezi miwili ya mazoezi hapa, hiyo ni pointi moja au mbili kwa kila gemu. Ndivyo wakubwa walivyotumia udongo na nyasi zao kwa zaidi ya miaka mia. Warumania walipoifikia fainali ya 1972 waliwapeleka Wamarekani kwenye udongo wa Bucharest, wakapoteza 3-2 tu.

Kuna jambo jingine, halihusu viwanja. Ukisoma majina ya mabingwa wa Kombe la Davis, nchi ya Afrika ni moja tu: Afrika Kusini, 1974. Hawakucheza fainali. India ilikataa kukutana nao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, wakapewa kombe mezani. Mashariki ya hapa, Kongwa, ndiko miaka ya 1960 walikopiga kambi wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia. Sijui kama kuna mkoa mwingine wenye haki zaidi ya kusema kwamba jina la Afrika kwenye bakuli lile halijapata kupiganiwa uwanjani.

Mwalimu wangu hajashawishika. Nilipomwambia habari ya upepo alinyamaza kidogo, akauliza viwanja vikijengwa kwa ajili ya juma hilo, nani atashika ufunguo Jumatatu inayofuata wageni wakishaondoka. Nikamwambia awe yeye. Akasema hapo tunaweza kuongea.