Mkaguzi Mstaafu na Patisheni Hewa

Mjomba wangu amestaafu ukaguzi wa hesabu, ila macho yake bado yako kazini. Aliponiita nimsakinishie Windows upya kwenye SSD, yaani diski mpya ya kielektroniki, ya GB 240 aliyoinunua Kariakoo, nilimkuta ameshavuta kiti mbele ya kompyuta, daftari mapajani na kalamu sikioni. Diski ya zamani, yenye video za harusi ya binti yake, ilikuwa ibaki humo humo bila kuguswa.

Orodha ya diski ilipojitokeza, SSD ilisomeka GB 223.6, na kabla sijafumbua kinywa mjomba alikuwa ameshampigia muuzaji simu kumdai GB zilizobaki. Nilimweleza kwamba kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Akaandika: "Upungufu 16.4. Maelezo hayaridhishi."

Kisha akahamia diski ya zamani. Diski hugawanywa vipande viitwavyo patisheni. Ile ya MB 100, ambamo kompyuta huanzia kuamka, aliivumilia kwa shingo upande, lakini ile ya MB 16, iliyotengwa kwa matumizi ya mfumo wenyewe, ilimchefua.

"Ina faili?"

"Haina, mjomba."

"Haina faili, haina kazi inayoonekana, na imo kwenye orodha! Huyo ni mfanyakazi hewa."

Nilimsihi asiguse kitu, nikaitikia wito wa mkewe aliyekuwa ameandaa chai. Niliporudi, nilimkuta amejiegemeza kitini kwa utulivu wa mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka. Alikuwa amefuta patisheni zote, video za harusi zikiwamo, na kila programu ilipomwonya kwamba data itapotea, alibonyeza sawa, kwa kuwa onyo lile, kwa maoni yake, lilikuwa utetezi wa watuhumiwa. Hakuisaza hata iliyoitwa ESD-USB, jina asilolitambua. Hiyo ilikuwa flashi yangu, ambayo usakinishaji wenyewe ulikuwa ukisomwa kutoka humo. Alikuwa amekata tawi alilokalia. Tulipobonyeza kuendelea, programu ilitangaza kwamba haiyaoni mafaili inayoyahitaji.

"Sasa zote ni safi," alisema mjomba.

Heri yake ni kwamba kufuta patisheni kwa namna ile huondoa tu maelezo yake kwenye jedwali la diski, na mafaili hubaki mahali pake hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Niliichomoa diski ya zamani, nikaiunganisha na kompyuta yangu ya mkononi, nikaendesha TestDisk, programu ya kurejesha patisheni zilizopotea, ambayo iliipekua diski taratibu mpaka ikazipata patisheni zilizofutwa na kuliandika jedwali upya. Flashi niliitengeneza tena, nikasakinisha Windows huku SSD ikiwa peke yake ndani, maana diski mbili zikiwapo, patisheni ya kuwashia huweza kuangukia ile usiyoitaka.

Video zilirudi zote. Mjomba, badala ya kuzitazama, alifungua faili la michango ya harusi lililorudi pamoja nazo, akateremka na kidole hadi kwenye jina langu: ahadi shilingi 100,000, zilizolipwa 20,000. Ujira tuliokubaliana ulikuwa 50,000. Akaukata wote palepale, akanipa risiti, na akanitaka nitaje tarehe ya kuleta 30,000 zilizobaki.