Jini wa Chini ya Samadari

Treni za kuchezea za Lionel za miaka ya 1950 hurudi nyuma kwa njia yao wenyewe. Ndani ya kichwa mna kidude kiitwacho E-unit: koili, kijiti cha chuma na kipipa kidogo chenye meno. Umeme ukikatika kijiti kinaanguka. Ukirudi koili inakivuta juu, nacho kinakisogeza kipipa jino moja. Mbele, simama, nyuma, simama, halafu mbele tena. Treni haijui nani kaukata. Uwe wewe umebonyeza kitufe, uwe mnazi umeangukia waya barabarani, kwake amri ni ile ile.

Sasa itie treni hiyo Mwembetanga, mjini Unguja, usiku wa Idi mosi, mtaa mzima umewasha feni na mafriji.

Kichwa chenyewe kilikuwa kizima, maana nilikishughulikia Ramadhani yote. Brashi za kaboni mbili, mpya. Komyuteta, ile sehemu ya mota inayoguswa na brashi, nimeisafisha kwa spiriti na kijiti cha masikio, mifereji yake mitatu nimeichokoa kwa kijiti cha meno. Kila ekseli tone moja tu la mafuta ya cherehani, kwa sababu yakizidi hutambaa mpaka kwenye komyuteta, yakachanganyika na unga wa kaboni, na mota ikaanza kurusha cheche. Reli nilizipangusa kwa kitambaa na spiriti. Hewa yetu ya chumvi huleta kutu upesi, lakini stilwaya ya masufuria usiiguse: vinyweleo vyake hunaswa na sumaku za magurudumu, vikaiunganisha reli ya kati na ya pembeni, maana njia ya Lionel ina reli tatu, na hiyo ni shoti.

Umeme nao wataka adabu. Transfoma ya Lionel ni ya Kimarekani, volti 110, na ukutani kwetu ni 230. Kwa hiyo kwanza transfoma ya kushushia ya wati 300, nyuma yake ndiyo ile ya treni ya wati 90. Hata hivyo imetengenezewa hetzi 60, sisi tuna 50, kwa hiyo hupata moto zaidi. Nusu saa, ipumzike. Ukiichomeka moja kwa moja utaona moshi, ila si wa kwenye bomba.

Sebule ilijaa wageni, ikabidi tutandike chumbani kwa Bibi: vipande 8 vya kona na 4 vilivyonyooka, duara refu, nusu yake chini ya samadari. Samadari ya Bibi ina miguu mirefu, paka hupita bila kuinama. Bibi mwenyewe alikuwa juu yake, kaegemea mito, anavuta uradi. Kichwani mwa treni, kwa juu, kuna kijishikio cha kuifunga E-unit isibadilike. Ami alikifungua, ati watoto wanataka kuiona ikirudi nyuma.

Nikaenda kusali Isha. Huku nyuma Shangazi kauliza mbona haifuki. Watoto wakamwambia dawa ya moshi imekwisha. Dawa hiyo ni mafuta mepesi ya madini, matone manne yatosha: ndani ya bomba mna waya wa moto, na kila magurudumu yakizunguka bastola hupuliza moshi nje. Shangazi akafungua kichupa chake cha mafuta ya makonyo kutoka Pemba, akamimina kifuniko kizima.

"Karafuu haijamdhuru mtu," kasema.

Waya ukazama. Haukutoa kitu. Nilirudi nikaikuta inakwenda vizuri, kila mtu anacheka, nami sina habari.

Umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna. Hata dakika haikufika, ukarudi.

Tyubulaiti ya chumbani ni ya kizamani, starta yake hupepesa weee kabla ya kuwaka. Taa ya treni huwaka papo hapo. Basi gizani mle ukatoka mwanga chini ya samadari, na E-unit, iliyokwishaingia kwenye "simama", ikawa inanguruma kama nyuki ndani ya debe.

"Nani huyo huko chini?" Bibi kauliza.

"Ni treni, Bibi."

"Treni imezimika na taa, nimeona kwa macho yangu. Huyo mwengine."

Wakati huo mafuta yalikuwa yamekwisha chemka. Treni imesimama, bastola haipulizi, kwa hiyo moshi ukapanda polepole, mweupe, mzito, kwenye pindo za shuka pande zote mbili za kitanda. Harufu ya karafuu chumba kizima.

"Lahaula!" Shangazi kasema. "Kaja na ubani wake mwenyewe."

Umeme ukapepesa tena. Jino moja. Treni ikachomoza kinyumenyume, behewa jekundu la mwisho likitangulia.

Bibi, ambaye hushushwa na watu wawili, mmoja kila upande, alishuka peke yake. Sinia la kaimati likapinduka. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika kweli, kwa sababu shira ikishatapakaa relini, gurudumu na kigusio cha reli ya kati hupoteza umeme kwa nukta, halafu huupata tena, na E-unit inahesabu kila mara. Treni ikawa inakwenda mbele shibiri moja, inasita, inarudi, inanguruma, inaanza upya, kila penye kaimati. Hakuna aliyebaki chumbani isipokuwa mimi na plagi.

Ami alikwisha mwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje asome. Mwalimu akapiga magoti, akachungulia chini ya samadari, akanyamaza, kisha akanivuta mkono.

"Hebu irudishe nyuma tena."

Shira nimeitoa kwa kitambaa cha maji ya moto, nikakausha hapo hapo, maana reli ni bati. Behewa jekundu ndilo halikupona. Mafuta ya karafuu hula plastiki hiyo, na Shangazi alikuwa kalishika kwa mkono wa mafuta alipolirudisha relini. Alama ya dole gumba lake imeingia pale juu ya paa, mistari yote inahesabika.

Bibi anasema mama yake alilipanda gari la moshi la Bububu, lililojengwa na Wamarekani mwaka 1905, maili 7 kutoka mjini.

"Lilipita milangoni mwa watu," kasema, "lakini mvunguni halikuingia."