Usiniuzie Linux kwa neno "bure"

Wanaoipigia debe Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, huanza na neno moja: bure. Huku kwetu Mwanza neno hilo halina mnunuzi, maana Windows nayo ni bure, au tuseme ni elfu kumi ya fundi. Unampelekea laptopu asubuhi, mchana unaikuta imepigwa Windows, Office ipo, na muvi tatu za kutafsiriwa amekuwekea kama nyongeza. Nani ahangaike kujifunza kitu kipya ili aokoe pesa ambayo hakuwahi kuitoa?

Mimi laptopu yangu ina mifumo miwili, Windows upande huu na Linux ya aina ya Mint upande ule, na bei haikuhusika hata kidogo. Sababu kubwa inaingia mlangoni kwangu kila siku ikiwa inaning'inia kwenye funguo za watu. Flashi.

Nina kibanda cha steshenari Nyegezi. Nachapa, natoa kopi, naskani vyeti, nabaindi ripoti. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo, na flashi zao zimeshalala kwenye kompyuta za nusu ya jiji kabla ya kufika kwangu. Msimu wa ripoti za fildi alikuja kijana mmoja, jasho linamtiririka na hajapanda mlima wowote. "Dada, kazi yangu imeliwa." Kote alikopita, flashi ilikuwa inaonyesha njia za mkato tu, zile zenye kimshale pembeni. Ukibofya, unakuwa umempa kirusi ruhusa ya kuhamia kwenye mashine yako.

Nikawasha upande wa Mint, nikachomeka. Zikatokea zile njia za mkato, ikatokea skripti moja, yaani faili la amri, yenye jina lisilosomeka, na chini kabisa folda isiyo na jina. Picha ya folda, halafu pengo tupu mahali pa maandishi. Nikaifungua: ripoti, picha za mialo ya Kirumba alikofanyia utafiti, barua ya msimamizi, kila kitu. Kijana alikaa chini kwenye ndoo ya rangi ninayoitumia kama kiti.

Hakuna uganga hapo. Kirusi cha aina ile hakifuti kazi ya mtu. Kinayahamishia mafaili kwenye folda moja, kinaivua jina, kinaipiga alama ya kufichwa. Windows ikiiona alama ile inatii na kuificha. Linux inayasoma yaliyomo kwenye flashi bila kuijali. Na ile skripti, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya Windows, inabaki faili tu kama orodha ya sokoni. Virusi vya Linux vipo duniani, ila kwenye flashi za Nyegezi bado sijakutana navyo. Zile Windows za elfu kumi nazo zinachangia: mara nyingi ili ule ufunguo wa bandia ukubali, fundi anazima antivairasi kwanza, halafu anasahau kuiwasha.

Sababu ya pili ni bando. Windows ikinusa intaneti ya simu yako inaanza kushusha apdeti, na unakuja kushtuka umebakiwa na ujumbe wa salio. Unaweza kuiambia kwamba mtandao huu ni wa kupimwa, sehemu hiyo ipo kwenye mipangilio, lakini nimeuliza wateja wengi na aliyewahi kuigusa simkumbuki. Mint inaweka kialama kwenye kona ya skrini, inasubiri niseme ndiyo.

Tatu, laptopu yenyewe ni mtumba, prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha 6. Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kibodi nzima, skrini nzima, betri inavumilia saa mbili umeme ukikatika, halafu naambiwa nikanunue nyingine! Kwa Mint mashine hii bado ni kijana.

Sasa kuna kundi jingine linanichosha, la wale wanaokwambia futa Windows kabisa, uwe huru. Hao hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta. Printa yangu kubwa haina dereva ya Linux, ile programu ya kuiendesha, niliyoiona ikifanya kazi. Na LibreOffice, ile ninayoitumia Linux mahali pa Office, inajitahidi, naiheshimu, kwani mahali pa Times New Roman inaweka herufi zake zenye upana uleule ili mistari isihame. Lakini iletee faili la Word lenye majedwali yaliyobebana na jalada lenye nembo ya chuo katikati. Nembo ile niliwahi kuikuta ukurasa wa pili, peke yake, kama mtu aliyeachwa na kivuko. Mteja wa namna hiyo namwambia subiri, nazima, nawasha Windows, nachapa.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wanakaa, ukipiga ua katikati. Diski yangu ni ya GB 256, nikaipunguza sehemu ya Windows nikiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa chombo chake cha kupanga diski, nafasi iliyobaki nikaipa Mint. Kabla ya hapo kuna swichi moja ya kuzima, ile ya kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows ukiizima huwa haijalala usingizi kamili, imefumba jicho moja na inaacha sehemu yake ya diski katikati ya kazi, hivyo Linux inaweza kukataa kuandika humo. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe, nakili ule ufunguo wake mrefu kwenye daftari kabla hujagusa chochote.

Hayo nayajua kwa sababu mara ya kwanza sikuyajua. Programu ya kusakinisha iliniuliza kama niweke Mint sambamba na Windows au nifute diski yote. Ilikuwa usiku, nilikuwa na haraka, nikabofya. Picha za send-off ya mdogo wangu zilikwenda na maji. Hadi leo tukikaa sebuleni mtu akisema "lete zile picha," mimi naenda kuangalia chai jikoni.

Kisha kuna saa. Linux inaweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya dunia, Windows inaichukulia kuwa ni saa ya hapa, na Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Basi nikitoka Mint kuingia Windows saa nne asubuhi, kona ya skrini inaandika 7:00. Sisi ambao tunasoma 7:00 kama saa moja, hesabu inakuwa ya ajabu zaidi. Siku moja nilimwahidi mteja barua yake saa nne, nikatazama kona, nikaona 7:05, nikaenda kununua vitumbua. Nimerudi nikamkuta amesimama mlangoni amenuna. Dawa ni mstari mmoja kwenye terminali ya Linux, lile dirisha la kuandikia amri: sudo timedatectl set-local-rtc 1, na tangu hapo zinasoma sawa.

Na ujirani huu una siku zake mbaya. Agosti 2024 apdeti ya usalama ya Windows ilizuia Linux isiwake kwenye kompyuta nyingi za mifumo miwili, ingawa Microsoft walikuwa wamesema mashine hizo hazitaguswa. Kwa hiyo ile flashi niliyosakinishia Mint sijaifuta. Ipo kwenye droo, chini ya karatasi za A4, imeandikwa kwa makapeni "USIGUSE".

Ukipita Nyegezi na flashi iliyoliwa, ilete tuitazame. Laptopu usiilete kabla hujanakili picha zako mahali pengine, maana mimi usiku huwa nina haraka.