Anza na keria, hema litafuata

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alimwaga vifaa vyake vyote kwenye sakafu ya sebule yangu hapa Arusha. Mwezi wa saba anataka kuendesha baiskeli mpaka Iringa kwa kupitia Babati, Kondoa, Dodoma na Mtera, njia ambayo mimi nimeipita mara 3. Alikuwa na hema jipya, jiko la gesi, sufuria 2 zinazoingiana, godoro la kupuliza, kiti cha kukunja na taa 3. Tukavipima kimoja kimoja kwa mizani ya kuning'iniza. Jumla kilo 31, na hapo hatujaweka maji.

"Mjomba, hema lina kilo 2 tu," akaniambia, na kweli lilikuwa hema zuri.

Nikamwomba anionyeshe keria. Ilikuwa ya alumini, nyembamba, inabana kwenye bomba la kiti kwa klipu moja, na ubavuni imeandikwa kikomo chake: kilo 10.

Naliona kosa hili kwa karibu kila anayejiandaa na safari ndefu, na linaniuma kwa sababu linaharibu safari za watu wenye moyo. Pesa yote inakwenda kwenye hema na mabegi. Keria inanunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Mimi nasema igeuzwe. Mwenye shilingi chache azipeleke kwanza kwenye keria ya chuma inayofungwa kwa bolti kwenye fremu, pande zote mbili, juu na chini. Kinachobaki ndicho kinunue begi, hata kama ni mfuko wa salfeti kwa mwanzo.

Nayasema haya kwa yaliyonipata. Safari yangu ya kwanza nilikuwa nimeteremka kutoka Bereko, nimebakiza kilomita chache kufika Kolo, nikasikia kitu kinalia nyuma. Keria yangu ya alumini ilikuwa imekatika pale bolti ya chini inapopita. Begi la kushoto likaingia kwenye gurudumu, spoki 2 zikaenda. Siku hiyo nilikuwa nimepanga kupanda kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Badala yake nikakaa chini ya mti na keria mkononi.

Akaja mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya alizeti, anayapeleka kwenye mashine ya kukamua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekukatikia?"

Akaiegemeza baiskeli yake kwenye gongo lenye panda, akafungua mpira aliokuwa ameuzungushia kwenye usukani. Ulikuwa ukanda wa tyubu ya lori, upana wa vidole viwili. Akakata kijiti kikavu, akakilaza sambamba na mguu wa keria uliokatika, akaanza kufunga. Kila mzunguko aliuvuta mpira mpaka ukawa mwembamba kama kamba ya kiatu, ndipo akaulaza, na ncha ya mwisho akaichomeka chini ya mizunguko bila kupiga fundo hata moja. Halafu akanirudishia mabegi juu, akashika kiti, akaitikisa baiskeli kwa nguvu huku ameinamisha sikio. Kitu kikagonga ndani ya begi la kulia. Akanifungulisha begi, akanipangisha upya, akatikisa tena, mpaka kukawa kimya.

"Keria haivunjwi na uzito," akaniambia. "Inavunjwa na mzigo unaocheza."

Nilifika Kondoa kwa kijiti kile. Fundi wa kuchomelea akaigusa keria mara moja tu, akanirudishia: hii si chuma, kwa mashine yangu haishiki. Nikanunua dukani keria ya kawaida ya chuma, ile ya baiskeli za mizigo, akanitobolea matundu na kuikaza. Ipo mpaka leo.

Yule mzee alikuwa sahihi kabisa, na ukilifikiria utaona kwa nini. Chuma au alumini ikikunjwa kidogo huku na huku mara elfu kwa siku, huchoka. Kila rasta barabarani, kila tuta, begi linaruka na kurudi, na pigo lote linaishia kwenye bolti mbili za chini. Alumini inakatika bila kukuonya. Chuma mara nyingi hupinda kwanza, unakiona, na kila mji mdogo wenye umeme una mtu wa kukichomelea. Tazama baiskeli za Buffalo zinazotumika sana Kenya na Zambia: keria yake ni ya chuma, imetengenezwa kubeba kilo 100. Wanaoishi kwa kubeba mizigo wameshalijibu swali hili zamani, nasi tunaosafiri kwa kupenda tungewasikiliza.

Bolti zenyewe ziwe na nati zenye plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Kaza kabla ya kutoka, kaza tena jioni ya siku ya kwanza, kisha kila baada ya siku 2 au 3. Bolti 2 za akiba zifungie palepale kwenye fremu kama kuna tundu tupu, hapo hazipotei.

Kuhusu mabegi sina ugomvi na mtu. Ya Ortlieb, kampuni ya Kijerumani iliyoanza mwaka 1982, yanafungwa kwa kukunja mdomo na maji hayaingii. Mwenye uwezo anunue. Lakini fundi maturubai anayeshona maturubai ya malori anaweza kukushonea jozi yenye mdomo uleule wa kukunja. Hata ndoo mbili za plastiki zenye mfuniko, zikitobolewa na kufungwa kulabu, zinafanya kazi nzuri sana na zinageuka viti jioni. Ninachokagua mimi ni kulabu. Kulabu za juu zisiteleze kwenye bomba la keria, na chini pawe na kitu cha kuzuia begi lisiruke. Kisha panda, kanyaga pedeli nyuma na mbele. Kisigino kikigusa begi, lisogeze nyuma sasa hivi, maana mguu utazunguka hivyo maelfu ya mara kabla ya chakula cha mchana.

Mzigo mzito uwe chini, karibu na ekseli. Usirundike kila kitu nyuma. Baiskeli iliyolemewa nyuma inatikisa kichwa kwenye mteremko, na mteremko wa Bereko si mahali pa kugundua hilo. Mimi naweka kama asilimia 60 nyuma na 40 mbele. Usukani unakuwa mzito kidogo dakika 10 za mwanzo, halafu unatulia. Mbele ndipo ninapobeba maji: chupa ya lita moja na nusu kila upande wa uma unaoshika gurudumu la mbele, imebanwa kwa klipu mbili za paipu, na chini yake nimezungushia kipande cha tyubu ili isishuke. Kati ya Dodoma na Mtera joto ni kali, na mimi siondoki na chini ya lita 5.

Lita hizo 5 ni kilo 5, na hapo ndipo nilipompokonya mpwa wangu jiko. Alinuna. Lakini katika njia ile mama ntilie hawakosekani: chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, perege ukifika Mtera. Mitungi midogo ya gesi ya kambi sijawahi kuiona Kondoa. Jiko, gesi na sufuria zilikuwa karibu kilo 2. Mkate, karanga na tende zinatosha kukufikisha penye moshi wa jikoni. Kiti na taa mbili vilibaki kwangu.

Hema lake nililikubali, ila kwa sababu tofauti na yake. Jioni mimi huenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, najitambulisha, naomba mahali. Mara nyingi napewa darasa, au baraza la kanisa, au ua wa mtu. Sakafu ni saruji, mambo za hema, yaani vigingi vyake, haziingii. Kwa hiyo hema liwe linalosimama kwa fito zake bila kupigiliwa, na chumba chake cha ndani kiwe cha wavu, maana usiku mwingi litakuwa chandarua chako tu. Likilala nje, ardhi ya kiangazi ni ngumu na zile mambo nyepesi zinapinda. Chukua misumari 8 ya inchi 6.

Na asidanganywe na jua. Mtera iko karibu mita 700 juu ya bahari, Iringa mjini imepita mita 1,500, na mwezi wa saba usiku wa Iringa unauma. Blanketi jepesi au mfuko wa kulalia lazima uwemo, chini kabisa ya begi, ndani ya plastiki.

Jumapili tulifunga keria ya chuma na kilo 18, tukaenda kuzijaribu kwenye njia za vumbi za huko Kisongo, kilomita 40 kwenda na kurudi. Tuliporudi bolti ya chini kushoto ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Akaikaza. Kisha, kabla sijasema neno, akashika kiti, akaitikisa baiskeli, akainamisha sikio. Kitu kikalia ndani ya begi la kulia. Ilikuwa chupa ya mafuta ya cheni. Akaivisha soksi, akairudisha, akatikisa tena.