Watu sita mbele, msemaji mmoja

Jamani, ni nani aliyeamua kwamba mtu hujifunza kuzungumza mbele ya watu kwa kujificha nyuma ya wenzake watano? Kwenye mawasilisho ya darasani tunapangwa sita sita, kila kundi dakika 15. Piga hesabu: dakika 2 na nusu kwa kila mtu, na hapo bado hujatoa zile za kuhangaika na projekta.

Kisha ngoja uone. Mwenye ulimi mwepesi anabebeshwa utangulizi, kiini na hitimisho. Mwenye haya, yule hasa anayelihitaji somo hili, anapewa kazi ya kubofya slaidi! Mwingine anataja majina ya wanakikundi, anarudi ukutani, na alama anapata zilezile. Na huyu anayetupa mgongo akisoma slaidi neno kwa neno? Kwani sisi hatuna macho?

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja karatasi ilimtetemeka mkononi mpaka tukawa tunaisikia. Sentensi ya kwanza ikamkwama. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu akavuta pumzi, akainua macho, akatutazama, sauti ikatoka. Papo hapo: "Muda umekwisha, kundi linalofuata!"

Sasa huyo atajifunza lini?

Walimu wetu, tunawaomba: dakika 3 tu, kila mtu peke yake, bila slaidi, na wiki inayofuata asimame tena. Tumechoka kupiga makofi kwa mtu yuleyule muhula mzima!