Furu wa Ziwa Victoria: Je, miaka 15,000 inatosha kuzaa spishi 500?

Ziwa Victoria lina takriban spishi 500 za samaki wanaoitwa furu, ukihesabu na zile zilizotoweka baada ya sangara kuletwa, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wanajiolojia nao wanasema ziwa hilo lilikauka, likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Ukiyakubali yote mawili, unakubali kwamba spishi mia tano zimetokea katika muda ambao wanyama wengi hawajaachana hata kuwa spishi mbili. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

Ushahidi wa kukauka unashikika kwa mkono. Ziwa hili ni pana lakini si la kina. Hata penye kina kikubwa halifiki mita 90, na maji yake mengi ni ya mvua inayonyesha juu yake, si ya mito. Mvua ikikatika kwa karne kadhaa, limekwisha. Watafiti walioongozwa na Thomas Johnson walipochimba tope la sakafuni, walikuta chini yake udongo mgumu wa nchi kavu wenye alama za mizizi. Matokeo yao yalitoka 1996.

Upande wa pili, wa waliokataa kwamba ziwa lilikauka kabisa, haukuwa na hoja dhaifu. Geoffrey Fryer, aliyewajua samaki wa Afrika kwa miongo mingi, alishikilia kwamba lazima maji yalibaki mahali fulani. Mwaka 2003 vinasaba vikaonekana kumuunga mkono: tofauti za jeni kati ya furu zilikuwa nyingi mno, zikiashiria ukoo wa karibu miaka 100,000.

Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuchukulia umri wa jeni kuwa ndio umri wa spishi. Saa ya jeni huhesabu mabadiliko yaliyokusanyika tangu nakala mbili za jeni ziachane. Haisemi ni lini samaki wenyewe walitengana. Kijana wa miaka ishirini anaweza kulima shamba lililofyekwa na babu wa babu yake. Mwaka 2017 ikabainika kwamba furu wa eneo hili wametokana na machotara wa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Ziwa lilipojaa, walioingia walikuwa tayari na akiba ya jeni zilizopevuka. Kilichobaki kilikuwa kuzipanga upya, na kupanga ni kazi ya haraka kuliko kusubiri mabadiliko mapya.

Tazama spishi mbili za miambani karibu na Mwanza. Dume la Pundamilia pundamilia lina rangi ya samawati iliyofifia na mistari iliyompa jina. Dume la Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, ni jekundu mgongoni. Wa kwanza hukaa maji ya juu, wa pili chini kidogo, ambako mwanga wa samawati umeshachujwa na chembe za majini, ukabaki mwekundu. Jeni ya jicho inayopokea mwanga huo iko katika nakala tofauti kwa kila mmoja, na nakala hizo zimerithiwa kutoka koo zile mbili za kale. Jike humchagua dume analoliona vizuri.

Wako wanaouliza kama hizi ni spishi kweli, maana zikipandana watoto wao huzaa bila shida. Swali ni la haki. Mimi naziita spishi, kwa sababu kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe zinaishi mwamba mmoja bila kuchanganyika. Lakini kinachozitenga ni macho ya jike tu. Katika maabara, chini ya taa ya rangi moja, jike alishindwa kuwatofautisha madume. Na huko kisiwa cha Luanso, ambako maji yamejaa tope, hakuna tena makundi mawili: lipo kundi moja, lenye madume wa kila rangi kati ya samawati na wekundu.