Bosi akituma ujumbe saa tatu usiku

Grupu la kazini halina saa ya kufunga. Saa tatu usiku inaingia: “Nani ana ile ripoti ya mwezi uliopita?” Hakuna aliyeamriwa kujibu, lakini tiki zikishageuka bluu, kunyamaza nako ni jibu, na kesho kikaoni litakumbukwa.

Kwenye maandishi sisi Watanzania tulishalimaliza jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne na zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena pawe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Ila iliandikwa miaka mitano kabla ya WhatsApp kuzaliwa, wakati kutoka kazini kulikuwa kutoka mlangoni. Je, kutafuta faili kwa dakika kumi usiku kunakata zile saa 12, tuanze kuzihesabu upya? Zaidi ya hapo, saa hizo zinaanza mtu anapotoka ofisini, si anapofika kwake. Kwa anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kulala Mbagala, pembezoni mwa jiji, foleni nayo imo kwenye mapumziko.

Wengine wameligusa moja kwa moja. Tangu Januari 2017, kampuni za Ufaransa zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kuzima mawasiliano ya kazi. Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi: muswada wa Seneta Samson Cherarkey wa mwaka 2022 ulipendekeza mwajiri anayeivunja haki hiyo apewe faini ya hadi shilingi 500,000 za Kenya, kifungo kisichozidi mwaka, au vyote viwili. Shirikisho la waajiri likaupinga.

Waajiri wana hoja, na iliyo nzito si ile ya wateja wa ng'ambo ambao kwao ni mchana. Nzito ni hii: maisha ya nje ya ofisi yalishaingia ofisini zamani. Saa nne asubuhi mtu yuko mezani kwake, anapandisha picha za vitenge kwenye status, anamfokea fundi aliyeko saiti Chanika, anakusanya michango ya harusi, na yeye huyo huyo ndiye mweka hazina wa kikoba. Mshahara hautoshi, mishemishe lazima. Bosi anayeyaona haya na kunyamaza anajihesabia kwamba mchana amekupa, usiku anakudai.

Hesabu hiyo ingenishawishi kama wote wangekuwa wamekopeshwa. Mhasibu mwenye chumba chake anaweza kuuza vitenge. Keshia mwenye foleni ya wateja mbele yake hawezi, dereva aliye barabarani hawezi, na wote wamo kwenye grupu lile lile. Bando la kusoma hayo maagizo wananunua wenyewe. Na mama anayefika nyumbani akute sufuria na madaftari ya watoto vinamsubiri, huo ujumbe wa saa tatu kwake ni kazi ya tatu.

Hata hivyo sioni faini na jela zitamsaidia nani. Mfanyakazi atakayekwenda kumshtaki bosi wake kwa sababu ya ujumbe ameshaaga kazi kabla kesi haijatajwa. Wauguzi na walinzi wana jibu la kawaida kabisa: zamu. Ijulikane kwa maandishi wiki hii nani anapokea simu za usiku, alipwe ovataimu na bando lake, na wengine waachwe walale. Bosi anayetaka ripoti aulize aliye zamu, au asubiri asubuhi. (Ripoti nyingi za saa tatu usiku, kwa nilivyoona, husomwa keshokutwa.)

Ila saa zikianza kuhesabiwa, zitahesabiwa pande zote. Bosi anayelipa usiku ataanza kuuliza saa nne asubuhi ulikuwa wapi, na vitenge vitarudi kabatini. Mimi ningekubali. Wenzangu wengi ofisini wangekataa, na nikiziangalia slipu zetu za mshahara naelewa kwa nini.